Amri za kuwashia na ruhusa: nani anaiendesha?

Umeandika skripti ya kusoma kihisi cha joto kwenye Raspberry Pi. Ukiiendesha kwa mkono, inafanya kazi. Ukiiweka ijiendeshe kompyuta inapowaka, kimya, au logi inasema "Permission denied", yaani imenyimwa ruhusa. Skripti ni ileile. Kilichobadilika ni anayeiendesha.

Kwenye Linux kila programu huendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani, na haivuki ruhusa za mtumiaji huyo. Wewe kwa kawaida ni mtumiaji namba 1000. Root, mwenye mamlaka yote, ni 0. Kompyuta ikiwaka hakuna aliyeingia bado, kwa hiyo jina hutegemea ulikoiandika amri. Iliyo ndani ya /etc/rc.local, faili la amri za wakati wa kuwaka, ni ya root. Huduma ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ni ya root pia, mpaka uongeze mstari wa User=. Mstari wa @reboot (yaani kila inapowaka) kwenye crontab yako, orodha ya amri zinazojiendesha kwa ratiba, ni wako, lakini ukifungua kwa sudo crontab -e umeandika kwenye ya root, kwa kuwa sudo huendesha amri kwa mamlaka ya root, na hapo wengi hujikwaa bila kujua.

Mara nyingi tatizo huanza na ruhusa kuzidi, si kupungua. Root anaendesha skripti mara moja tu, faili la data linazaliwa ndani ya folda yako, kesho wewe mwenyewe huwezi kuliandikia. Piga ls -l:

-rw-r--r-- 1 root root 812 Mar 4 06:10 data.csv

Herufi rw za mwanzo ni za mwenye faili, root. Wengine mmeachiwa r, kusoma tu. Lirudishe kwako kwa sudo chown, amri ya kubadili mwenye faili. Chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, nayo itanyamazisha kosa, ila mimi siishauri: kila mtumiaji ataweza kuliandikia.

Vifaa vina makundi yake. /dev/ttyUSB0, kifaa cha serial kilichochomekwa kwa USB, huwa ya kundi la dialout. Jiunge kwa sudo usermod -aG dialout na jina lako, kisha uwashe upya. Usisahau ile a. Bila hiyo unatolewa kwenye makundi mengine yote ya ziada, hata la sudo.

Ukibaki na shaka, weka id > /tmp/nani.txt (amri inayoandika ni nani anayeendesha) mwanzoni mwa skripti ya shell, chini tu ya mstari wa #! kama upo, washa upya, usome. Ukikuta uid=0(root) ulipotarajia jina lako, cha kurekebisha kiko kwenye crontab au faili la huduma; skripti iache ilivyo.