Diski Imepotea Baada ya Kusasisha BIOS? Usikimbilie Kupiga Windows

Kwenye karakana yetu ya TEHAMA hapa Dodoma tunaletewa mara kwa mara kompyuta za mezani zenye kisa kimoja. Jana ilikuwa nzima, mwenyewe akasasisha BIOS, leo inaandika kwamba haioni diski ya kuwakia. Nyingi zimeshapita kwa fundi wa mtaani, na hukumu imeshatoka: diski imekufa, nunua nyingine, tupige Windows upya. Akipiga Windows juu ya diski ileile, mafaili ya miaka mitano yanafutika kwa kosa ambalo lingerekebishwa kwa dakika kumi.

BIOS ni programu dhibiti inayokaa kwenye chipu ndogo ya bodi kuu. Haikai kwenye diski. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, yenyewe ndiyo inayoamka kwanza, inakagua vifaa vilivyopo, kisha inaikabidhi Windows kazi. Kuisasisha hakugusi picha wala nyaraka zako. Kinachoguswa ni mipangilio, kwa sababu masasisho mengi huirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na humo ndimo diski "inamopotelea".

Kwa hiyo kabla ya kutoa bisibisi, washa mashine ukibonyezabonyeza F2 au Delete (kwenye HP nyingi ni F10) uingie kwenye BIOS yenyewe. Tafuta orodha ya diski. Kama jina la diski yako lipo na ukubwa wake unasomeka sawasawa, usiitangazie msiba. Angalia kwanza mpangilio wa SATA, yaani njia inayounganisha diski na bodi kuu; huwa RAID au AHCI, namna mbili za bodi kuzungumza na diski. Windows iliyopigwa wakati mpangilio ukiwa RAID kwa kawaida haiwaki ukigeuka kuwa AHCI, na kinyume chake. Utaona skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Rudisha ulivyokuwa, hifadhi, washa tena. Mpangilio wa pili ni CSM, unaoiwezesha BIOS mpya kuwasha diski za mtindo wa zamani. Diski za zamani zilizogawanywa kwa mtindo wa MBR huhitaji CSM iwe imewashwa, ilhali BIOS mpya nyingi huja ikiwa imezimwa. Cha tatu ni foleni ya kuwakia tu: pengine mashine inahangaika na flashi uliyoisahau nyuma.

Wapo wanaokutana na skrini inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Imeona programu dhibiti imebadilika, ikashuku kuna mtu anachezea mashine. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na kama mashine ni ya ofisi, waulize watu wenu wa TEHAMA. Usipopatikana, hata sisi hatuna ujanja.

Diski isipoonekana kabisa kwenye BIOS, zima, chomoa umeme, ufungue kava. Wakati wa kiangazi chetu, hewa ikiwa kavu na vumbi la Dodoma limejaa hadi kwenye feni, gusa kwanza chuma cha kava kisichopakwa rangi ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Badilisha kebo ya SATA, kisha jaribu tundu jingine. Kwenye baadhi ya bodi, ukichomeka diski ya M.2 (ile nyembamba inayokaa moja kwa moja juu ya bodi), tundu moja au mawili ya SATA hujifunga yenyewe, na jambo hilo limeshawapotezea hata mafundi wazoefu nusu siku. Lakini ukisikia diski inagonga tk-tk-tk, acha. Usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), usiiwashe "mara moja tu tuone". Kila mzunguko unaweza kuikwaruza zaidi. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, haina sauti, hufa kimyakimya, ndiyo maana inafaa kusoma taarifa zake za SMART (rekodi ya afya yake) kwa programu kama CrystalDiskInfo ingali hai.

Swali ninalowauliza wateja ni dogo: kwa nini ulisasisha? Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanakimbilia BIOS ili Windows 11 ikubali kuingia. Inadai UEFI (mtindo mpya wa BIOS), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha kutunza funguo). Kwenye mashine nyingi TPM ipo tayari, imezimwa tu, na kuiwasha hakuhitaji sasisho lolote. Kikwazo kikiwa ni MBR, Windows ina amri ya mbr2gpt inayoibadilisha diski kuwa GPT, mtindo mpya unaotakiwa na UEFI, bila kufuta mafaili. Hata hivyo, hifadhi nakala pembeni kwanza.

Ukilazimika kusasisha, soma jina kamili la bodi pamoja na namba ya toleo lake, uchukue faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, si lile ulilorushiwa kwenye kundi la WhatsApp. Simamisha BitLocker kwa muda. Piga picha za mipangilio yako ya sasa kwa simu. Na chomeka UPS, betri ya akiba ya umeme! Umeme ukikatika katikati ya kuandika chipu, bodi inaweza isiwake tena mpaka fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu aifufue. Skrini ikiwa nyeusi dakika kadhaa, usiiguse.

Diski nazo zina programu dhibiti zao. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kufanya kazi, zisiposasishwa. Hapo kutosasisha ndiko kungekuwa kosa.

Ofisi moja hapa mjini ilituita kila Jumatatu: diski haipo. Tunarekebisha mpangilio, wiki nzima mashine inadunda, Jumatatu imepotea tena. Kumbe kila Ijumaa jioni mhudumu alizima swichi ya ukutani, na betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi, inayotunza mipangilio umeme usipokuwepo, ilikuwa imeisha. Saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa na hakuna aliyeitazama. Tukaweka betri mpya, ya bei isiyozidi chipsi kuku. Mtunza stoo alikuwa ameshaandika ombi la kununua diski mbili.