Saratani ya titi: kutoka siku 25 za mionzi hadi 5

Mgonjwa akitoka mkoani kuja Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, mara nyingi swali lake la kwanza si kama itauma. Huuliza, "Daktari, ni siku ngapi?" Ana haki. Kila siku ni nauli na chumba cha kulala, na watoto wamebaki kwa bibi yao.

Kwa saratani ya titi, zamani jibu lilikuwa siku 25: grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa kwa wiki tano. Tuligawa hivyo kwa sababu seli zenye afya zinahitaji muda wa kujikarabati kati ya dozi moja na nyingine, na dozi kubwa ya kila siku ilihofiwa kuziumiza. Watafiti wa Uingereza wakagundua kuwa seli za saratani ya titi nazo huumizwa sana na dozi kubwa ya siku, karibu sawa na zile zenye afya. Basi unaweza kuongeza dozi ya kila siku, ukapunguza ya jumla na siku zenyewe. Wakaanza na grei 40 kwa siku 15. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya utafiti wa FAST-Forward, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,000: grei 26 kwa siku 5 tu. Baada ya miaka mitano, saratani haikurudi zaidi kwa waliopata siku chache.

Lakini utafiti huo ulihusu ugonjwa wa mapema, baada ya upasuaji. Saratani ikishafika kwenye tezi za kwapani, mara nyingi bado tunapanga siku 15 au zaidi. Hili linaniuma, kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa. Kwa hiyo hata uvimbe usiouma uletwe hospitali mapema.

Mashine pia zimebadilika. Tunapiga picha ya siti-skani kwanza, kisha linaki, yaani mashine inayotoa mionzi, huutengeneza mwale kwa vibati vya metali vinavyofuata umbo la eneo la kutibiwa. Kwa titi la kushoto, moyo uko karibu mno. Hapo tunamwambia mama avute pumzi ndefu aishikilie kwa sekunde kadhaa: mapafu yakijaa, moyo husogea mbali na mwale, na hapo ndipo tunapowasha.

Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini. Mpe mtoto mapenzi yote, mkumbatie, lala na mumeo. Utachoka, na ngozi ya titi inaweza kuwa nyeusi zaidi, kuwasha au kuchubuka. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo sema mapema ukihisi joto au maumivu. Oga kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, wala usifute alama za kalamu tulizochora kifuani. Kila siku tunazitumia kukulaza palepale.