Mama, weka wembe chini: yanayosemwa kuhusu kunyoa kabla ya operesheni ya uzazi

Saa nne usiku, kesho yake ni operesheni. Begi limeshawekwa mlangoni: kanga, soksi za mtoto, beseni. Mama mwenye mimba ya wiki 39 yuko bafuni, mguu mmoja juu ya ndoo iliyofudikizwa, kioo kidogo sakafuni, wembe mkononi. Tumbo limeziba kila kitu kuanzia kitovu kwenda chini. Haoni anachonyoa, anapapasa tu.

Asubuhi nafunua kanga ili nimwandae, nakuta kinena kimejaa mikwaruzo, miwili bado ina damu iliyoganda.

"Mama, nani kakwambia unyoe?"

"Wifi yangu, sista. Kasema mtanikuta mchafu."

Alitegemea nimsifu. Simlaumu, wala wifi yake simlaumu sana, maana zamani wauguzi wenyewe ndio tuliokuwa tunawanyoa akina mama kwa wembe na povu la sabuni. Tukaacha. Ila tulipoacha hatukupita mtaani kueleza kwa nini, na mtaa ukabaki na somo la zamani.

"Nywele zinabeba uchafu, zitaingiza vijidudu kwenye kidonda"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na ukiisikia inaonekana ina akili. Lakini vijidudu vingi vinavyotia usaha kwenye mshono vinaishi kwenye ngozi yenyewe, uwe na nywele au usiwe nazo. Ngozi nzima inavizuia visiingie ndani. Wembe unaitoboa ngozi hiyo. Hata ukijiona umenyoa vizuri bila tone la damu, ngozi inakuwa imeparuzwa kwa mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni. Kila mkwaruzo unatoa majimaji kidogo, na humo vijidudu vinapata chakula, unyevu na joto, usiku kucha. Kesho yake daktari anapaka dawa juu ya ngozi, na hapo chini wameshazaliana.

Jambo hili si geni. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Seropian na Reynolds, walifuatilia wagonjwa 406 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Walionyolewa kwa wembe, vidonda vilivyopata maambukizi vilikuwa asilimia 5.6. Wale ambao hawakunyolewa kabisa, au waliondolewa nywele kwa dawa ya kupaka, ilikuwa asilimia 0.6. Kisha wakaangalia muda. Walionyolewa muda mfupi tu kabla ya upasuaji, asilimia 3.1. Walionyolewa ndani ya saa 24, asilimia 7.1. Waliopitisha zaidi ya saa 24, asilimia 20. Utafiti ni wa zamani na haukuwa wa wazazi peke yao, lakini waliokuja baadaye hawajaurudisha wembe. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulio wazi: nywele ziachwe, na kama ni lazima ziondoke, zikatwe kwa mashine tu. Wembe hapana, iwe wodini au thieta.

Nyumbani kwetu Afrika neno hili lina uzito wake. Shirika hilohilo lilisema mwaka huo kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Wembe si sababu pekee, wala si kubwa kuliko zote. Ila ni sababu ambayo mama mwenyewe anaweza kuiacha nyumbani bila kutoa hata shilingi.

"Daktari hawezi kupasua penye nywele"

Anaweza. Mkato unaotumika zaidi siku hizi ni ule wa mlalo, ulioelezwa na daktari Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel mwaka 1900. Unapita sentimita mbili au tatu juu ya mfupa wa kinena, yaani kwenye ukingo wa juu kabisa wa nywele. Wanaojinyoa mpaka kwenye mashavu ya uke wanafanya kazi ambayo hakuna aliyewatuma.

Ipo sababu ya kweli ya kupunguza nywele, na tusiifiche. Zikiwa nyingi, plasta ya kufunika mshono haishiki. Tena dawa ya ngozi yenye spiriti inachelewa kukauka kwenye nywele nzito, na kifaa cha umeme cha kuzuia damu kikiwashwa kabla haijakauka, inaweza kushika moto. Kwa hiyo muuguzi akiona haja anachukua mashine, kama ya kinyozi lakini yenye kichwa kipya kisichotumika kwa mtu mwingine, anapunguza ukanda mwembamba wa juu siku hiyohiyo ya operesheni. Mashine inabakisha visiki vifupi na haiparui ngozi. Tena hii si ruhusa ya kwenda saluni ya jirani kuazima mashine iliyopita vichwa vya watu 30. Hospitali ikikosa mashine, nywele zinaachwa, na operesheni inaendelea.

"Wembe upo kwenye orodha ya hospitali, kwa hiyo ninyoe"

Hapa ninacheka kidogo, halafu naacha. Ile orodha ya vifaa vya kujifungulia mnayopewa kliniki, yenye glovu, pamba, mpira wa kutandika na uzi wa kufungia kitovu, mara nyingi ina wembe pia. Uganda nao, ukifungua kile kifurushi kinachoitwa Mama Kit, utaukuta ndani. Wembe huo ni wa kukatia kitovu cha mtoto. Unatakiwa ufike ukiwa kwenye karatasi yake, haujafunguliwa. Nimewahi kupokea uliokwisha kutumika, umekunjwa vizuri kwenye tishu.

Na wembe wa mume, au wa dada, usiguse kabisa. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye tone la damu lililobaki juu yake.

"Basi nitatumia sukari, au dawa ya kunyolea"

Wajanja wa Pwani wana sukari na limau, wengine wana majivu, siku hizi krimu za madukani zimejaa. Krimu ina nafuu kuliko wembe kwa sababu haikati, lakini inaunguza. Ngozi ya mjamzito ina hasira, na dawa iliyokukubali mwaka jana inaweza kukukataa leo. Kuwa na malengelenge mahali penyewe pa mkato, siku mbili kabla ya mkato, ni balaa. Sukari na majivu vinang'oa unywele na mzizi wake, vinyweleo vinabaki wazi, na sisi wenye nywele za kipilipili tunajua kinachofuata: unywele unajikunja, unarudi chini ya ngozi, kinatokea kipele chenye kichwa cheupe. Daktari akikuta vipele vya usaha pale anapotaka kupitisha kisu, anaweza kuiahirisha operesheni ya kupangwa. Kwa hiyo wiki ya mwisho, na ikiwezekana mbili za mwisho, ngozi ya kinena ipumzike na kila kitu.

"Dini inataka ninyoe"

Wengine watanikemea kwa kuligusa hili, lakini ndilo ninaloulizwa kwa kunong'ona kuliko yote. Kuondoa nywele za kinena ni katika sunna za maumbile, na hadithi iliyopokewa na Anas, sahaba wa Mtume, imeweka ukomo wa siku 40. Haikusema usiku wa kuamkia operesheni. Na hii ni operesheni ya kupangwa, tarehe unayo mkononi. Piga hesabu: ukijisafisha siku 14 kabla, ngozi inapata nafasi ya kupona, na siku 26 zinabaki baada ya kujifungua. Wala si lazima iwe wembe. Wanazuoni wa tangu zamani walikwisha kuizungumza dawa ya kuondolea nywele waliyoiita nura. Kwa lililobaki muulize sheikh wako, mimi yangu ni ngozi.

"Wakiniona nina nywele watanisema"

Sasa tumefika. Usafi ni jina tu, kilichopo hasa ni aibu. Na aibu hii ina wenyewe: ni kweli wapo wauguzi wenye midomo, na mama aliyewahi kusemwa mbele ya wenzake hasahau. Anayemsema mgonjwa kwa nywele zake ndiye mwenye makosa, hata kama ni mimi. Ila thieta, taa zikishawaka, tunaloliangalia ni kama ngozi ni nzima.

Wanaosubiri uchungu wa kawaida nao wasidhani wako kando. Mwaka 1922 madaktari wa Marekani walikwisha kuhoji faida ya kuwanyoa wazazi, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba kunyoa kila mama kabla ya kuzaa kwa njia ya kawaida hakupendekezwi.

Usafi unaotakiwa ni huu: oga kwa maji na sabuni jioni ile au asubuhi yake, sabuni ya kawaida inatosha, ukiinua tumbo na kuosha mikunjo. Vaa nguo safi. Mengine ni yetu: sindano ya antibayotiki kabla ya kisu kugusa ngozi, na dawa ya kupaka.

Kama umeshanyoa, usifiche na usijitibu. Usipake spiriti wala dawa ya kuulia vijidudu ambayo hukuichanganya na maji, usitumbue kipele. Mwambie muuguzi mara tu unapofika, ulinyoa lini na ulitumia kitu gani. Baada ya kujifungua angalia mshono kila siku. Vitabu vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, kwa hiyo gusa pembeni yake kwa mgongo wa mkono uliooshwa. Joto kuliko ngozi ya jirani, uvimbe, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, majimaji yenye harufu, homa, au mshono kuachia: rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Yule mama wa kioo, daktari alimwangalia, hakukuta kipele chenye usaha, akaendelea. Siku ya saba alirudi kuonyesha kidonda, kikavu. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, na alisema mshono haumsumbui kama muwasho wake.