Mnahesabu Sini Zilizokatwa, Hamuulizi Macho ya Nani

Yaani juzi tena. Filamu iliyotolewa kwa riwaya imekwisha, tuko barazani hapa Lamu, kahawa haijafika na mtu ashaanza, "wamekiharibu kitabu, ile sehemu ya harusi imekwenda wapi?" Kazi yangu ni kuandika skripti, hii kauli nimeisikia mpaka nimechoka, basi leo niiseme yote.

Kupunguza ni lazima, hilo tulimalize haraka. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, saa mbili ni kurasa 120 hivi, na riwaya yaweza kuwa na 400. Mario Puzo, mwenye riwaya ya The Godfather, aliandika skripti yeye na dairekta Coppola na bado ujana wa Vito, yule bosi wa mafia, ukaachwa nje ya filamu ya 1972, ukaja kutiwa kwa ya pili, 1974. Nani atasema Puzo hakukijua kitabu chake?

Kinachonikera ni kuwa watu wanahesabu sini, yaani vipande vya hadithi, zilizokatwa, hawaulizi sasa tunaangalia kwa macho ya nani. Chukua Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Adichie. Kitabu (2006) kinaanza na Ugwu, kijana wa kijijini aliyekuja kuwa boi nyumbani kwa mwalimu wa chuo kikuu, anafungua mfereji anafunga, anafungua anafunga, anacheka kuona maji yanatoka tu hivi hivi. Ile nyumba, wasomi wake, vita vya Biafra kule Nigeria vikija, mengi tunayapata kupitia kwake. Filamu ya 2013 imeegemea kwa Olanna na pacha wake Kainene, Ugwu kabaki pembeni. Matukio makubwa mengi yamo! Lakini kijana aliyekuwa akiwatazama mabwana sasa ndiye anayetazamwa, na hapo mimi nalalamika pamoja nanyi.

Na kamera haioni moyoni. Riwaya inaandika "alikuwa ashamsamehe mumewe, ila hakumwambia", sentensi moja imetosha. Mimi nifanye nini nayo? Namuweka mke jikoni, mume karudi kutoka baharini, siku zote mke anakiacha kikombe cha mumewe mezani anaondoka, leo anaimimina kahawa mwenyewe, anagusa kikombe kuona kama haijapoa, anampa mkononi. Hakuna neno lililosemwa. Msomaji ataniambia hiyo sini haimo kitabuni nimeibuni, kumbe ndiyo sentensi yenyewe ile.

Wengine watasema si uweke sauti ya msimulizi juu ya picha uishe. Walimu wa skripti wengi wanakataza, wanasema ni uvivu. Mimi sina uhakika. Kuna riwaya utamu wake wote ni vile msimulizi anavyosema, vile anavyozunguka kabla ya kufika, ukiitoa ile sauti umebakiwa na matukio ambayo mtu yeyote yangeweza kumpata. Sasa hivi nina moja kama hiyo, msimulizi ni mzee wa kisiwa cha Pate, sauti yake nimeiacha ndani, dairekta anataka itoke, na kila akinieleza naona ana haki, nikirudi kwa kitabu naona haki ni yangu.