Pierre Nora, mchapishaji aliyewaandikisha wengine historia

Wanafunzi wanapotutembelea kwenye chumba chetu cha nyaraka, huwa nawaomba wachukue kitabu chochote cha historia rafuni, waniambie ni cha nani. Wote husoma jina lililo kwenye jalada. Ni nadra mmoja afungue kurasa za mwanzo, palipoandikwa kwa herufi ndogo jina la nyumba ya uchapishaji na la msimamizi wa mfululizo. Na mara nyingi huyo wa herufi ndogo ndiye aliyemfuata mwandishi na kumwambia: hiki kiandike, kile kiache. Nchini Ufaransa, kwa zaidi ya miaka 50, mtu huyo alikuwa Pierre Nora.

Alizaliwa Paris tarehe 17 Novemba 1931, mtoto wa daktari. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, kwa hiyo Wajerumani walipoivamia Ufaransa ilibidi wakimbilie upande wa Grenoble na milima ya Vercors. Kaka yake, Simon, aliingia msituni na wapiganaji. Vita vilipokwisha, Pierre alijaribu kuingia École normale supérieure, chuo kilichowatoa wasomi wengi wa kizazi chake, akaanguka mtihani zaidi ya mara moja. Mwaka 1958 alifaulu mtihani mgumu wa ualimu wa historia, agrégation, akapelekwa kufundisha sekondari mjini Oran, Algeria, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto. Alikaa hadi 1960. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kikali kuhusu walowezi wa Kifaransa wa Algeria, ambacho walowezi wenyewe hawakukipenda hata kidogo. Nitakirudia baadaye.

Kazi yake ya uchapishaji ilianza kushika kasi mwaka 1964 katika nyumba ya Julliard, alipobuni mfululizo wa vitabu vidogo vya bei nafuu ulioitwa Archives. Wazo lilikuwa jepesi: mpe msomaji wa kawaida nyaraka zenyewe, yaani barua, hukumu na ripoti, halafu mwanahistoria amfafanulie. Sisi tunaolinda makaratasi ya zamani hatuna budi kumshukuru kwa hilo. Mwaka 1965 akahamia Gallimard, na hapo ndipo alipojijengea ufalme.

Mwaka 1966 alianzisha mfululizo wa sayansi za jamii, na miongoni mwa vitabu vya mwanzo kikawemo Les Mots et les Choses cha mwanafalsafa Michel Foucault, kitabu kigumu kweli kweli ambacho hata hivyo kilinunuliwa haraka. Mwaka 1971 ukafuata mfululizo wa historia. Humo walipita Georges Duby, Jacques Le Goff, Michel de Certeau, na mwaka 1975 Emmanuel Le Roy Ladurie na Montaillou yake. Hicho cha mwisho kinahusu kijiji kimoja cha wachungaji wa kondoo kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 14. Askofu Jacques Fournier aliwahoji wanakijiji akiwasaka wazushi wa dini, na makarani wakaandika kila kitu: nani analala na nani, nani anamtoa nani chawa. Karne sita baadaye, daftari la mateso likageuka kitabu kilichosomwa hata na watu ambao hawakuwahi kugusa historia tangu watoke shule.

Nora mwenyewe aliandika kidogo. Kazi inayobeba jina lake, Les Lieux de mémoire, yaani mahali pa kumbukumbu, ni juzuu 7 zilizotoka kati ya 1984 na 1992, na waandishi wake ni zaidi ya 100. Neno “mahali” humo lisikupoteze. Kuna makaburi na minara, ndiyo, lakini pia bendera, wimbo wa taifa, kalenda, vitabu vya shule, majina ya mitaa na mashindano ya baiskeli. Hoja yake ni hii: kumbukumbu huishi ndani ya watu na hubadilika nao, ilhali historia ni kazi ya kuunga upya kilichokwisha kupita. Jamii ikiacha kukumbuka kwa mazoea ya kila siku, huanza kujenga sanamu. Mwaka 1993 maneno hayo “lieu de mémoire” yaliingia katika kamusi kubwa ya Kifaransa, Grand Robert, na hadi leo wanasiasa huyatumia kila wanapozindua jiwe la msingi. Kitabu kilichokuja kuichambua tabia ya kuadhimisha kikawa chombo cha kuadhimishia, na Nora alilikiri hilo mwenyewe.

Ila mwenye kufungua mlango ndiye pia mwenye kuufunga. Mwaka 1997 alieleza katika jarida lake, Le Débat, alilolianzisha 1980, kwa nini hakukichapisha kitabu cha mwanahistoria wa Uingereza, Eric Hobsbawm, kuhusu karne ya 20: ni kirefu, tafsiri ni ghali, na hali ya hewa ya Ufaransa haikuwa ya kumpokea mfuasi wa Karl Marx asiyetubu. Mwaka 1999 nyumba ndogo ya Brussels ikishirikiana na gazeti la Le Monde diplomatique ikakitoa, kikanunuliwa vizuri sana. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa lake la wazi kabisa, kwa sababu aliamua kwa niaba ya wasomaji ambao hata hawakuulizwa.

Kuna mlango mwingine ulioachwa karibu umefungwa, nao unatugusa. Katika juzuu zile 7, makoloni yamepata makala moja tu ya maana, kuhusu maonyesho ya kikoloni ya Paris ya mwaka 1931. Maonyesho hayo yalifungwa siku mbili kabla Nora hajazaliwa! Baadaye, Desemba 2005, alikuwa miongoni mwa wanahistoria 19 waliopinga sheria zinazoamua historia isemweje, ikiwemo ile ya 2001 inayoitaja biashara ya utumwa ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Naielewa hofu yao ya mwanahistoria kuburutwa mahakamani. Lakini nikikumbuka kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, naelewa pia kwa nini watu wa Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi kilichopelekewa watumwa, hawakutaka kusubiri wachapishaji wa Paris.

Nora alichaguliwa kuingia Académie française, baraza la lugha ya Kifaransa, mwaka 2001 na kufariki Paris tarehe 2 Juni 2025, akiwa na miaka 93. Kile kitabu chake cha Algeria kilitolewa tena mwaka 2012. Kilipotoka mara ya kwanza, rafiki yake wa shule, mwanafalsafa Jacques Derrida, Myahudi mzaliwa wa Algeria, alimwandikia barua ndefu akimweleza alipowaonea walowezi. Toleo jipya limeichapa barua hiyo yote, ndani ya jalada lile lile.