Je, wajua kwa nini kinywe ni laini, ilhali grafini iliyomo ndani yake ina nguvu kuliko chuma cha pua?

Kinywe ni madini meusi yanayopatikana Mahenge, na ndiyo yaliyomo ndani ya penseli ya kila mwanafunzi hapa Dodoma. Ukiyagusa tu yanapakaa vidole. Grafini inatoka humohumo, nayo inasifiwa kuwa na nguvu mara 200 kuliko chuma cha pua. Wengi hudhani kiwandani kuna kitu kinaongezwa cha kuikaza. Hakiongezwi chochote. Grafini ni kinywe kilichobanduliwa mpaka likabaki tabaka moja tu la atomu za kaboni.

Pita soko la mahindi la Kibaigwa, utazame rundo la viroba vitupu vya salfeti. Lisukume kwa kiwiko, litateleza lote chini. Sasa shika kiroba kimoja ujaribu kukichana kwa mikono: utaumia vidole bure. Kati ya kiroba na kiroba hakuna kinachoshika, lakini nyuzi za kiroba chenyewe zimekazana. Kinywe nacho ndivyo kilivyo. Kila atomu imeng'ang'aniana na jirani zake watatu wa tabaka lake, ila tabaka na tabaka yanavutana kidogo mno. Penseli ikiandika, matabaka yanateleza na kubaki karatasini.

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandika selotepu kwenye kinywe, wakabandua, wakarudia, hadi wakapata tabaka moja. Selotepu ya dukani! Mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya Fizikia.

Hiyo mara 200 lakini ni ukilinganisha grafini na chuma cha unene uleule, na tabaka moja ni jembamba mno: milimita moja ya kinywe ina matabaka kama milioni 3. Kwa hesabu, grafini ya mita moja ya mraba isiyo na dosari ingebeba kilo 4 hivi, huku yenyewe haifikishi hata miligramu 1. Inastaajabisha kweli, ila usiitarajie iwe nondo ya ghorofa: dosari ndogo hupunguza nguvu hiyo, na kutengeneza karatasi yake pana na safi bado ni ghali. Kwa sasa huchanganywa kwenye plastiki na rangi, au hutawanya joto ndani ya simu. Umeme pia inaupitisha vizuri sana, na hapo ndipo ilipokwamia kwenye kompyuta: swichi ya kompyuta lazima iweze kuukata umeme, na grafini tupu haiukati.