Hachoki Mwenyewe: Kuhusu TV na Watoto Wanaojifunza Bila Shule

“Tumeondoa masharti yote ya TV. Tumeambiwa atachoka mwenyewe.” Sentensi hii nimeisikia mpaka nimechoka mimi. Mtoto bado yuko kwenye sofa.

Ninazungumza na familia zinazojifunza bila shule kabisa, zisizo na silabasi wala kitabu cha kiada mezani saa mbili asubuhi, ambako mtoto huachwa huru kuchagua cha kujifunza. Wenye shule ya nyumbani yenye ratiba wana shida zao, tutazifikia siku nyingine.

Harakati hizi za kujifunza bila shule zilikomaa Marekani zama za televisheni ya aina nyingine. John Holt, aliyeanzisha jarida la familia hizi mwaka 1977, alifariki 1985. Wakati huo kipindi kilikuwa na mwisho. Katuni za Jumamosi asubuhi zikiisha, wanaingia wakubwa na michezo yao. Kwetu kituo kilikuwa kinafunga kwa wimbo wa taifa. Mtoto hakuhitaji kuchoka, kwa sababu kipindi ndicho kilichomwacha. Leo video moja ikiisha nyingine inajianzisha, na hiyo nyingine imechaguliwa na mashine ambayo kazi yake ni kuhakikisha hachoki. Kumwambia mzazi wa leo “mwache tu” ni kumpa dawa ya ugonjwa wa mwaka 1980.

Kwa hiyo kabla hujaniletea neno “uraibu”, zima uchezaji wa moja kwa moja, yaani ile tabia ya video kujianzisha yenyewe. Mwaka 2021 YouTube ilitangaza kuuzima kwa walio chini ya miaka 18. Vizuri, ila mwanao hana akaunti. Anatumia simu ya mama, na YouTube inaamini inamhudumia mwanamke wa miaka 38 mwenye mapenzi ya ajabu na matrekta. Kagua kila kifaa kivyake: simu, kishkwambi, TV. Netflix ni wasifu kwa wasifu. Kisha subiri wiki mbili ndipo tuzungumze. Video inapoisha na skrini ikatulia, mtoto analazimika kuamua. Uamuzi huo mdogo ndio uhuru mnaousema. Bila huo, aliyeshika rimoti si yeye.

Swali linalofuata siku zote ni “saa ngapi kwa siku?” Kwa walio chini ya miaka miwili sina mjadala, na falsafa yako ya malezi haihusiki. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya miaka miwili, hapana; miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja, na pungufu ni bora. Wachanga hawajifunzi kwenye skrini kama wanavyojifunza kwa mtu. Utafiti wa Seattle uliochapishwa 2003 uliwapa watoto wa miezi tisa vikao 12 vya Kimandarini, yaani Kichina. Waliokaa na mtu halisi walianza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliomwona mtu kwenye video hawakuwazidi wale ambao hawakusikia Kimandarini hata kidogo. Ninyi wa ughaibuni, wa Minneapolis na Oslo, mnaoiachia katuni ya Kiswahili imfundishe mchanga lugha ya bibi yake, poleni. Mpigieni bibi.

Kwa wakubwa zaidi, hesabu ya saa inaficha mambo kuliko inavyoonyesha, na hapa ndipo ninapokereka. Kuna nyumba ambayo mtoto ana “nusu saa tu ya katuni”, huku taarifa za habari, tamthilia na mechi zikiwaka sebuleni tangu asubuhi. Mzazi anasema, “Hiyo haiangalii hata.” Kweli, haiangalii. Lakini inamkatakata. Mwaka 2008 watafiti walichapisha jaribio la watoto wa miezi 12, 24 na 36 waliocheza na vitu vyao kwa saa moja, nusu saa kati ya hiyo TV ikiwa imewashwa kipindi cha watu wazima. Watoto waliitupia jicho sekunde chache tu, chini ya mara moja kwa dakika. Hata hivyo kila mchezo wao ulikuwa mfupi zaidi, na umakini ukapungua. Utafiti mwingine, wa 2009, ukaonyesha kuwa wazazi nao huwasemesha watoto kidogo zaidi TV ikiwaka. Sasa fikiria: mtoto wa shule ana darasa. Wako hana darasa jingine ila mchezo na maongezi yako, na vyote viwili umeviweka mbele ya mtangazaji wa soka. Afadhali saa mbili za katuni alizochagua, kisha kimya. Babu akitaka habari, apewe vipokea sauti vya masikioni au TV ihamie chumbani kwake.

Kurudia kipindi kilekile mara kumi? Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano ni sawa, anaelewa zaidi kila mara. Songa mbele.

Kinachosahaulika ni saa za mchana. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni watoto wote wa majirani wapo shuleni, na wakirudi wana homuweki. Wako yuko peke yake ghorofani. Hapo TV haishindani na mchezo, inashindana na ukuta. Tafuta familia mbili za aina yenu, mpange siku tatu za wiki za kukutana, kabla ya kugusa rimoti.

Shaka zangu ni hizi. Ushahidi kwamba watoto walioachwa huru hujirekebisha unatoka kwa familia zilizobaki nje ya shule. Waliomrudisha mtoto shule hawasimulii. Upande wa pili, utafiti maarufu wa 2004 uliohusisha TV ya utotoni na matatizo ya umakini ulidhoofika mno data zilipochambuliwa upya mwaka 2010. Anayekuhakikishia lolote, kwa upande wowote, anauza kitu.

Ukitaka kuondoa masharti, usifanye hivyo wiki ileile mtoto anapotoka shule. Anza na usingizi: wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13, na chaja ilale sebuleni. Ongeza muda kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita. Wiki ya kwanza kaa naye, uangalie anachoangalia, hata kama matrekta yanakuua. Kisha tazama: je, anaigiza hadithi akitoka pale? Anauliza? Anazima mwenyewe akiitwa na njaa au haja ndogo? Kama wiki ya sita anajikojolea kwenye sofa na hawezi kukwambia alichokuwa anaangalia, rudisha mipaka siku hiyohiyo. Hakuna atakayekunyang'anya cheti cha kujifunza bila shule, maana hakipo.